Mawe ya Samaki wa Mama

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tano

Nimeamka, nimebadilisha maji ya samaki, nimefungua atelier yangu ya kushona. Kama kila siku. Samaki ni mmoja, poisson rouge, yule mwekundu wa mapambo. Kaka yangu Kasereka alimleta kutoka Beni ili mama apate kitu cha kutazama. Tangu akimbie vita Kayna na kuja kwangu Butembo, mama hafanyi kingine. Anakaa mbele ya kioo cha samaki, mikono mapajani. Furushi lake, limefungwa kwa kitenge cha kijani, liko mlangoni tangu siku aliyofika. Hajalifungua. Naliruka nikiingia, naliruka nikitoka. Nalichukia.

Ndani ya kioo, chini ya maji, kulikuwa kutupu. Nimeona aibu. Mtu wa Butembo akiona mahali hapana simenti hapati raha. Nyuma ya nyumba zilibaki kokoto za ukuta wa choo, zile zinazopondwa kwa nyundo, na simenti kidogo. Nimemweka samaki kwenye beseni, nimepanga kokoto, nimezishika kwa simenti ili asizifukue. Kazi safi. Nimejisifu peke yangu.

Jumanne, tarehe 5

Imekauka. Nimejaza maji, nimemrudisha samaki. Mama ametabasamu. Amekula bugali yote. Asante Mungu. Nimeshona sare tatu huku naimba vibaya.

Jumatano, tarehe 6

Samaki anahema juu ya maji. Mapezi ameyabana. Mdomoni ana jeraha, amejikwaruza kwenye kokoto zangu.

Mama hakula. Amesema mara moja tu, bila kunitazama: "Ule samaki akikufa, niko narudia Kayna. Siwezi kukaa fasi kila kitu inakufa."

Mahali kila kitu kinakufa, yaani kwangu. Kayna! Barabara ile hata madereva wanaiogopa. Nyumba yake hatujui kama bado ina mlango. Nimekasirika. Halafu nimeogopa. Naogopa hadi sasa.

Alhamisi, tarehe 7

Asubuhi mbio kwa Papa Mbusa, jirani anayefuga tilapia bondeni. Amekuja na buti zake za matope. Ameangalia, amecheka mpaka ameshika ukuta. "Batu ba Butembo! Mutajenga mpaka ndani ya maji?"

Kisha ameacha kucheka. Simenti mpya inatoa chokaa, maji yanakuwa makali, samaki anaungua polepole. Kokoto za nyundo zinamkata, na huyu ni samaki wa kuonja kila kitu kilicho chini. Donc, basi, kosa ni langu, lote, bila kumgawia mtu.

Tumemhamishia kwenye beseni la maji ya mvua. Simenti nimeibandua kwa kisu. Namshukuru Mungu kwamba mimi ni mwashi mbovu: imetoka vipande vipande, kioo hakikuvunjika.

Papa Mbusa anasema kioo kinaweza kubaki kitupu, samaki hatakufa kwa hilo. Mama amekataa. "Na yeye akae ju ya kioo tu? Mutu anapashwa kuwa na fasi ya kukanyaga." Papa Mbusa hakucheka safari hii. Amesema: basi mawe ya mto, laini, makubwa kuliko mdomo wake, asiweze kuyameza wala yasimkwame.

Nimempigia Kasereka simu kule Bungulu, mtaa wake wa Beni. Mto uko karibu na kwake. Hakuuliza sababu. Nina kaka mwema, sikumbuki kumwambia hivyo.

Ijumaa, tarehe 8

Analala ubavu. Nimeomba kwa ajili ya samaki. Sioni haya. Atelier hakuna kazi ya maana: mkono wa kushoto wa blauzi nimeushonea kulia.

Jumamosi, tarehe 9

Nusu mfuko wa mawe umefika kwa pikipiki. Papa Mbusa alisema tuyadondoshee ndimu: linalotoa povu lina chokaa, litupwe. Machache yametoa povu. Yaliyobaki, nitajuaje ukubwa? Nimechukua kifungo cha koti kwenye kopo langu. Mdomo wa samaki hautoshi hata nusu yake. Jiwe dogo kuliko kifungo, nje.

Nimeanza, moja moja. Mama amenitazama mpaka uvumilivu umemwisha. Ameninyang'anya kifungo, amekwenda jikoni, amerudi na ungo. Ameketi chini. Amepepeta, ametikisa, vidole vinakimbia kama siku za mavuno. Kifungo amekiangalia mara mbili tu, halafu amekiweka pembeni. Ghafla amesema: "Maisha yote niko natoa majiwe mu maharagi. Leo niko natoa maharagi mu majiwe!"

Amecheka. Mama yangu amecheka. Nimeingia jikoni kana kwamba nafuata chumvi, nimelia.

Jioni nimeyachemsha mawe. Samaki amekula punje moja ya chakula. Moja inatosha.

Jumapili, tarehe 10

Mama hakwenda misa, amebaki na mgonjwa. Niliporudi nimemkuta uani. Mawe yameanikwa juani, yamepangwa vizuri, juu ya kitenge cha kijani. Nimepita pembeni polepole. Nimeogopa kuharibu.

Mchana tumeyaweka. Maji ya mvua, taratibu. Samaki amesimama wima, ameshuka, amegusa jiwe, ameliacha. Amegusa lingine. Papa Mbusa amekula nasi sombe, majani ya muhogo, ametuchekea tena, na kwa haki.

Jumatano, tarehe 13

Nimebadilisha maji. Jeraha linafunga. Mama ameniomba kona ya uani ya kupanda maharagwe. Nguo zake ziko kabatini, juu ya zangu, zimeninyima nafasi. Asante kwa hilo pia.

Asubuhi nilipotoka nimeinua mguu mlangoni, kwa mazoea. Hapakuwa na kitu cha kuruka.