Gari la Picha Nne

Jumamosi, 3 Februari

Nimelinunua! Gari la michezo, la Kiingereza, viti viwili, paa la turubai. Limenizidi umri kwa miaka minne. Sijaliona. Nimeona picha nne tu mtandaoni na kusikia sauti ya mama anayeliuza – yuko mbali, mwendo wa siku nzima. Anasema halijawaka kwa mwaka na nusu, lakini halina ugonjwa. Lilikuwa la mumewe. “Mwenyewe hayupo tena, mwanangu.” Nikampa pole. Akaipokea.

Mimi, mpiga picha za eksirei! Miaka ishirini na miwili nawatazama watu hadi mifupani, halafu nanunua kitu ambacho hata ngozi yake sijaiona.

Baba Watoto sijamwambia. Kesho.

Jumapili, 4 Februari

Sijamwambia.

Jumanne, 6 Februari

Nimemwambia. Alikuwa anapiga pasi. Tangu astaafu anapiga pasi kila kitu, hata vitambaa vya jikoni. Hakupandisha sauti. Aliuliza lina viti vingapi. Viwili. Na wajukuu watakaa wapi? Nikasema hatuna wajukuu. Akasema watakuja. Kisha, bila kuinua macho: “Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, mama.” Akarudi kwenye kola.

Afadhali angegomba. Ugomvi ningeuweza.

Baadaye akauliza, la nini hasa? Chumba changu cha kazi hakina dirisha. Nyumbani, tangu watoto waondoke, kila kitu kiko mahali pake na kinakaa hapohapo. Miguu inaniwasha, nataka kwenda. Ndiyo hiyo tu, na nayo si sababu.

Jumamosi, 10 Februari

Limeletwa juu ya lori. Upande mmoja mwekundu, unang'aa, mzuri. Lori likageuka. Upande wa pili – kutu kuanzia mlangoni mpaka nyuma, na tundu sakafuni unaweza kupitisha kichwa. Picha zote nne zilipigwa upande mmoja!

Na mimi, kazini, kila siku nawaambia wagonjwa: geuka, tunapiga na ubavu huu.

Jirani akachungulia juu ya ukuta, akauliza ni la harusi ya nani. Baba Watoto alisimama mlangoni, mikono nyuma.

Jumapili, 11 Februari

Fundi amekuja. Wanamwita Taratibu, na hawakukosea. Alilizunguka gari mara tatu kama mtu anayetafuta kiatu. Akaweka sikio kwenye boneti, na injini imezimwa! Nikamuuliza, limekufa? “Shemeji, hili halijafa. Limenuna.”

Jumapili, 18 Februari

Spana za Taratibu zote ni za milimita. Gari ni la inchi. Namba kumi na tatu inacheza, kumi na mbili haiingii. Asubuhi nzima tukagonga nati kubwa ya gurudumu kwa nyundo ya mpira – mimi nashika, yeye anagonga. Kumbe za upande ule zinafunguka kinyume. Saa tatu nzima tulikuwa tunakaza!

Kucha imeng'oka. Nimecheka sana. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka nikiwa na damu.

Jumamosi, 2 Machi

Sakafu imechomelewa. Breki mpya. Kabureta mbili zimesafishwa, zinalala mezani kama vyombo vya hospitali. Jana bibi mmoja aliyevunjika nyonga alininusa nilipomlaza: “Daktari, umetoka gereji?” Nikasema ndiyo. Akasema basi mimi pia ni wa kukarabatiwa, endelea.

Leo nimerudi kutoka sokoni nikamkuta Baba Watoto anapiga pasi vitambaa vya viti. Vya gari. Amevifua, amevishona palipochanika. Tuliangaliana. Nikapita na mfuko wangu. Ukimtazama sana anaacha.

Jumatano, 13 Machi

Haliwaki. Tumekula ng'ombe mzima, mkia unatushinda. Taratibu anasema ukizungusha ufunguo, pampu ya mafuta inatakiwa ibishe hodi – tik tik tik – ndipo petroli ipande. Haibishi. Ameifungua, ameisafisha, ameirudisha chini ya gari, karibu na gurudumu la nyuma. Kimya. Mara sita!

Nilipiga teke tairi, nikamwomba radhi Taratibu. Akasema niliombe gari.

Alhamisi, 14 Machi

Simu kazini, mgonjwa yuko mezani. Yule mama muuzaji. Sauti yake imekwisha. Nikatoka hadi kwenye korido.

Mumewe hajafa.

Alipigwa na kiharusi. Alilala hospitali zaidi ya mwaka, hasemi, hamjui mtu. Madaktari walimwambia mama asitegemee. Sasa anatembea, anazungumza. Yuko nyumbani, na siku ya pili alifungua banda, akakuta patupu. Mama akasema limepelekwa kwa fundi. Akasema hivyo wiki nzima. Jana amesema ukweli.

Nikamwambia, mama, mimi nilikupa pole! “Ningekwambia nini, mwanangu? Nilishazoea kuzipokea.”

Wanakuja wiki ijayo, Jumamosi. Mzee anataka kuliona. Nilitaka kusema hapana. Nikasema karibuni.

Nimerudi ndani, mgonjwa bado amebana pumzi kama nilivyomwambia. Masikini!

Ijumaa, 15 Machi

Baba Watoto aliuliza swali moja tu. Kadi ya gari ina jina la nani? La mzee. Na sahihi ya kuuza ni ya nani? Ya mkewe. Kwa hiyo kisheria nina nini? Sakafu mpya na kucha moja pungufu.

Ijumaa, 22 Machi

Nimelifuta mara tatu leo. Kwa ajili ya nani? Mara nataka limeremete, mara nataka nilimwagie tope. Nimefikiria kusema limeibwa. Nimefikiria hata kulisukuma kwa jirani!

Ni langu. Hata halijawahi kwenda popote na mimi, lakini ni langu.

Jumamosi, 23 Machi

Saa tisa mchana. Naandika jikoni, nimesimama, maana siwezi kukaa.

Walifika saa tano. Mama ndiye aliyeendesha, walilala njiani. Mzee mrefu, mwembamba, tai shingoni, fimbo mkono wa kulia. Mdomo unavuta upande mmoja. Nikamsalimu, shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha polepole, neno moja moja: “Nasikia... ulitoa pole... kwa kifo changu.” Taratibu aligeukia ukuta asionekane akicheka.

Hakwenda upande mwekundu. Alienda moja kwa moja upande ule mwingine, akapitisha kiganja penye kutu. Akasema hapo alikuwa anapaogopa. Alikuwa anaegesha upande huo ukutani ili asipaone.

Taratibu akamweleza habari za pampu. Mzee akamwambia azungushe ufunguo. Mwenyewe akaenda nyuma, akainama kidogo, akaingiza fimbo juu ya gurudumu, akagonga. Mara moja. Si kwa hasira – kama mtu anayemwamsha mtoto wa shule.

Tik tik tik tik.

Injini ikakohoa, ikapiga kelele, ikawaka! Taratibu alinikumbatia, mafuta na yote. Baba Watoto alipiga makofi. Baba Watoto! Nikageuka kumwangalia mama. Alikuwa bado getini, mkoba kifuani, uso kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahakamani.

Mzee akaingia upande wa dereva. Akaweka mguu wa kushoto kwenye klachi. Mguu haukusikia. Akaushika kwa mikono miwili, akaubonyeza. Ukateleza. Akaubonyeza tena. Sote tukatazama pengine.

Tangu hapo yumo. Anazima, anawasha, anazima. Chakula kimepoa. Kadi iko mezani, kalamu juu yake. Baba Watoto aliiweka hapo, kimyakimya. Mzee hajaingia hata kuitazama.

Mama alikuja kunisaidia vyombo. Nikamwuliza, uliuza kwa sababu ulijua hatapona? Akaosha sahani ileile mara mbili. “Siku ile hakuwa mbaya kuliko siku nyingine. Nililiuza siku niliyochoka kungoja.” Kisha akasema miaka thelathini mumewe hakumruhusu hata kushika ufunguo. Yeye kazi yake ilikuwa kulifuta tu.

Nikachukua kitambaa, nikakausha sahani.

Sasa hivi nimetoka kumpelekea mzee maji. Amehama. Yuko kiti cha pembeni, sijui amejivutaje. Kiti cha dereva kitupu. Nikasema, mzee, nikuendeshe? Akatikisa kichwa. “Mwite mama.”

Nimemwita. Nimemwambia alivyosema, neno kwa neno. Akaniuliza, la nani sasa? Nikasema sijui, mama. Akafuta mikono. Akavua viatu, akaviacha hapa chini ya meza, pamoja. Ametoka.

Namwona dirishani. Ameketi kwenye usukani. Hawatazamani. Mzee anamwonyesha kitu kwa kidole, mama anaondoa kile kidole. Baba Watoto anafungua geti – nani kamwambia afungue? Gia zinalia. Taratibu ameshika kichwa. Zinalia tena. Mimi mwenyewe sijaliendesha hata hatua moja! Nitoke nizuie au

Limesogea.