Sepetu Niliyoing'oa Kituo cha Saba

Mpendwa mshauri Bi Gesche, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, na naomba usinicheke, maana waliokwisha kunicheka wanatosha. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, nimezaliwa hapa hapa nyuma ya tuta linaloizuia bahari, nikaenda mjini kusomea viumbe, na mwaka huu nikapata nafasi ambayo watu sitini waliiomba, utafiti wa uzamivu wa miaka mitatu wenye mshahara, kuhusu kinamasi cha chumvi kilicho mbele ya tuta dogo la kiangazi, lile la mbele linalozuia maji madogo ya miezi ya joto. Swali lenyewe ni hili: tukilifungua tuta hilo tukaiacha bahari irudi malishoni, je, tope litapanda upesi kuliko maji, au kinamasi kitazama na sisi pamoja nacho. Nina vituo kumi na viwili, na katika kila kituo nalaza ufito wa chuma juu ya nguzo mbili, nateremsha vijiti mpaka viguse udongo, naandika milimita daftarini. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya majaribio, na Jumatatu natia saini mkataba.

Sasa Bi Gesche, mwezi wa tisa nilifika kituo cha saba, ambacho kama cha sita na cha nane kiko juu ya tuta lenyewe, nikakuta sepetu imechomekwa wima kati ya nguzo zangu, sepetu ya kizamani, mpini umelainika kwa viganja vya watu, nami nilikuwa na haraka kwa sababu maji yalishaanza kujaa, nikaing'oa kwa mikono miwili, nikapima, nikaitupa kwenye gari, nikaisahau. Mimi, mtoto wa hapa, ambaye bibi yangu alinichapa nilipoacha hata kijiko cha bustani kimesimama kwenye udongo! Unaijua sheria ya kale kuliko mimi: aliyeshindwa kutunza kipande chake cha tuta alichomeka sepetu pale akaondoka, na aliyeing'oa alirithi shamba lake pamoja na kazi ya kulitunza tuta.

Jioni nilimsimulia jirani yetu Mzee Nahmen, aliyekuwa mkaguzi wa matuta mpaka alipostaafu. Akaniuliza kama kuna mtu aliyeniona. Nikamwambia hapana.

"Basi hongera, mama mwenye tuta," akasema. "Kesho uamke mapema."

Akacheka, lakini chai yake hakuimaliza, na siku ya pili aliwahamishia kondoo wake mbali na tuta.

Wiki iliyofuata kituo cha sita na cha nane vilikuwa vimepanda milimita arobaini, na cha saba hakikusogea hata kidogo. Nikapiga magoti kwenye cha sita, nikaona mapande ya udongo wenye nyasi yamepangwa upya na kushonwa kwa nyasi kavu zilizosokotwa, kazi ambayo nimeiona kwenye picha za makumbusho tu, na tope lote kuzunguka halina unyayo ila wangu. Kila wiki vinapanda tena. Sasa tuta limeinuka pande zote mbili na katikati limebaki pengo la hatua mbili, na pengo hilo ni kituo changu cha saba.

Alhamisi iliyopita, saa sita mchana, ukungu ulishuka nikiwa pale, nikasikia sepetu zikipiga udongo kulia na kushoto kwangu. Nilihesabu saba. Nilipoteremsha kijiti cha kwanza, zote zikanyamaza. Kisha mtu mmoja akasema taratibu, kwa lugha ya bibi yangu ambayo siku hizi huisikii hata sokoni, "Mwacheni, bado hajazoea."

Nilikimbia, nikaacha vifaa vyote. Na bado sijakwambia lililo baya zaidi. Takwimu za kituo cha sita na cha nane nilizipunguza kwa kalamu ili zifanane na vingine, kwa kuwa nani angeniamini, na msimamizi wangu Profesa Harmsen akaniandikia kwamba hajapata kuona majaribio safi kama yangu. Mkataba unasimama juu ya takwimu hizo. Nitie saini? Nirudishe sepetu kimyakimya? Au niende hospitali? Naogopa, mshauri.

Wako, Mwenye Tuta Asiyetaka

*

Mwenye Tuta,

Pole. Nakupa pole moja tu, kwa ile Alhamisi, maana ningekuwa mimi ningekimbia pia. Ukitaka daktari nenda, si aibu, lakini daktari hatakuondolea milimita arobaini.

Sasa tugombane. Wale wa kwenye ukungu hawajamdanganya mtu. Walichojenga kinaonekana na kinapimika. Aliyelishusha tuta ni wewe, kwa kalamu, ukiwa umekaa kitini. Hujui kwamba siku moja wakubwa watafungua daftari lako wakaamua pa kulikata tuta, na nyuma ya hapo kuna nyumba ya Nahmen? Mficha maradhi, kifo kitamuumbua, na safari hii kifo si lazima kiwe chako.

Kuhusu kuirudisha kimyakimya, hapana. Nusu ya pili ya sheria mnaisahau nyinyi wasomi: anayechomeka sepetu anaondoka mchana kweupe, watu wakimwona, na harudi tena. Babu yangu alichomeka yake kwenye tuta hilo hilo. Aliondoka na mkewe, watoto watatu na saa ya ukutani. Ndiyo maana nakuandikia kutoka nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu. Hatukufa, tunakula, tunacheka. Ila hakuna hata mmoja katika ukoo wetu anayekubali kulala chumba chenye dirisha linaloelekea baharini.

Kwa hiyo fanya hivi. Jumatatu, kabla hujagusa mkataba, mpe Harmsen daftari lenye safu zote mbili, ulichopima na ulichoghushi, na umwambie kwa mdomo wako. Akikufukuza, amekufukuza kwa haki. Akiwa msomi kweli atavaa buti aje kusimama kituo cha saba. Kisha uchague: ama uichomeke sepetu mbele ya Nahmen na uhame pwani hii, ama uzibe pengo lako kwa mikono yako. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Wala usidhani kushika sepetu ni kuukana utafiti. Tuta likija kufunguliwa, mwenye haki ya kusema lini na wapi ni yule aliyelitunza.

Niliipata barua yako Ijumaa, na Jumamosi nilipanda basi nikaenda. Ukungu ulikuwepo. Nilizisikia sepetu saba, nikawatajia jina la babu yangu, zikaendelea kupiga udongo. Walikuwa hawanisubiri mimi. Lakini pengo lako nililiona. Kando yake kuna mapande manane ya nyasi, yamekatwa sawasawa, mabichi bado, yamelazwa mahali ambapo mtu asiye na nguvu nyingi anaweza kuyafikia bila kuinama sana.

Wameshakukatia, binti. Wewe umebakiwa na kupanga tu. Maji makubwa ya bamvua ni tarehe kumi na nne.