Bikombe bya bashangazi, frein ya Jéthro

Mama Victorine wa radio, wasingya, aksanti kwa kazi. Unisikilize leo na unisaidie, juu mie mwenyewe nimechoka kujisikiliza.

Mie ni chauffeur, niko na camionnette, gari ya mizigo ya patron mwenye ananilipa, natembea Butembo na Beni kila siku, hata zile siku batu banasema barabara imechafuka, na mu hii vita yote hakuna mutu mwenye aliisha kunikamata juu ya kosa. Rafiki yangu Jéthro ni fundi, garage yake iko upande wa Rughenda, na ni yeye anatengenezaka ile camionnette. Sasa Jéthro anaoa. Juzi tulipeleka mbuzi za dot, ndiyo mahari, kwa bakwe zake kule Beu, mu Beni, yeye akabakia, juu kwabo muoaji anangojaka nyumbani, ni bashangazi ndio banaenda. Nilipakia mbuzi zenye zilinunuliwa Kirumba, bashangazi bane bakapanda nyuma pamoja nazo, banaimba nyimbo za kanisa mpaka Beni, na mbuzi nazo zinajibu.

Kule Beu balitupokea vizuri, bakaleta kasiksi, ile pombe ya ndizi, kikombe kwa kila mutu, na muzee wa pale akasema kwabo mutu akirudisha kikombe chenye hakijaisha ni kusema hatutaki binti yabo. Mama, bashangazi bale beko ba kanisa, pombe hawaigusi hata kwa kunawa mikono. Mukubwa wabo, Mama Aurélie, diakone, akaniangalia, akafunika kikombe chake na kitenge, akakisukuma kwangu pole pole, akasema: "Mutoto wangu, saidia ndoa." Nikasaidia. Wa pili akasukuma chake, wa tatu, wa ine, na bakwe banaona bikombe biko bitupu, banafurahi, banajaza tena, na mie nasaidia tena. Mie ni mwislamu, Mama, papa yangu anasimamishaka sala ku musikiti yetu ya Beni, hajue kama mudomo wangu ulishagusa kitu, mais nilijiambia kasiksi ni ndizi, na ndizi hata batoto banakula.

Tukatoka mbio juu ya couvre-feu, ile saa yenye banakataza kutembea usiku. Walahi, barabara nilikuwa naiona. Nilikuwa naona hata ya pili yake. Mbele ya kuingia Butembo kuko barrière, nikapita na kamba, nikapita na kiti cha basoda, camionnette ikalala mu mtaro. Hakuna mutu aliumia, Mungu asifiwe, ni Mama Aurélie tu alipoteza kiatu. Basoda balicheka, mumoja akapiga kelele "Olangwi!", ndiyo kusema umelewa, na yeye mwenyewe alikuwa na chupa mu mukono. Kama ingekuwa bale tu, tungeachana na kicheko. Mais pale alisimama Ilunga, ule polisi wa roulage mwenye alitoka Kasaï kwa kazi, vita ikamukutia huku, hakuna mutu anamulipa, na kila asubuhi anavaa kofia yake anasimama barabarani kama vile serikali iko nyuma yake inamuangalia. Aliniambia nitembee sawasawa. Nilitembea, mais si sawasawa. Akaninusa mudomo, akauliza: "Umekunywa nini?"

Na hapo, Mama, mudomo wangu ukasema peke yake: "Hapana, chef, ni frein, ni breki. Frein ilikatika. Ni Jéthro aliitengeneza." Bashangazi bote bane balisikia. Hakuna hata mumoja alisema kitu, juu akisema nilikunywa, atauliziwa nilikunywa kikombe cha nani.

Mie balibakia na permis yangu ya kuendesha, patron akakuja kunisimamia, nikalala kwangu. Jéthro balimukamata ku garage, na mafuta ku mikono, na alipoona batu banakuja mbio alifikiri ni pongezi ya dot. Hakuna mutu alimusimamia. Eko mu cachot, banasema atangojea tribunal ya juma yenye inakuja, na ndoa ni hii siku ya posho, jumamosi, na bakwe ba Beu beshasikia, banauliza kama beko banatoa binti kwa mutu mwenye anauaka batu.

Jana nilimupelekea bugali. Nilijua atanitukana. Alinishika mukono ku dirisha, akalia, akasema: "Lukman, unisamehe. Karibu nikuue na bashangazi zangu. Nafikiri usiku muzima, sioni ni fasi gani nilikosea." Mie nikajibu: "Si kitu, ndugu, nimekusamehe." Nilisema vile, Mama! Nikaacha chakula pale, nikarudi.

Patron anasema ninyamaze, Jéthro atatoka tu siku moja. Nikisema kweli, permis inaenda, kazi inaenda, na papa yangu atasikia. Nifanye nini? Na tafadhali usitaje jina langu.

Chauffeur wa Butembo

*

Mama Victorine anajibu:

Mutoto wangu, jina lako sikutaja. Lukman ni mie nimekupa, na bale bengine bote vilevile. Mais mbuzi sikuweza kuzibadilisha, na bashangazi bane mu mtaro sikuweza kubabadilisha, donc usishangae kama soko yote ilishakujua mbele nimalize kusoma.

Nianze kwa kusema kweli: nilicheka. Technicien wetu hapa alicheka mpaka akatoka inje. Kasiksi ni ndizi! Ndizi yenye batoto banakula haitupaka camionnette mu mtaro, na hauifunikaka na kitenge. Mwislamu muzima umekunywea kanisa nzima, ukasaidia ndoa, ukasaidia, mpaka bwana harusi akaingia cachot. Aki mie nikiolesha, tafadhali usikuje kunisaidia.

Basi, tuache kucheka. Kulewa ku volant, na usukani mu mukono, ni kosa mubaya, na ulibeba bamama ba batu. Mais ni mara yako ya kwanza, na hakuna mutu tulizika. Mutu wa hivi anasikia haya, anakubali azabu, anajifunza, maisha inaendelea. Hiyo sina wasiwasi nayo. Yenye inanisumbua ni ile "nimekusamehe" yako. Nilifika pale nikaweka barua chini. Mutu eko mu cachot juu ya mudomo wako, anakuomba pardon kwa kosa yako mwenyewe, na weye unamupa! Uliitoa wapi? Haikuwa yako ya kutoa.

Sikia sasa. Leo hii, nawa uso, vaa shati safi, usipitie kwa patron, juu yeye anapenda gari yake, na weye anakupenda kwa sababu unaiendesha. Enda kwa Ilunga. Usibebe kitu mu mukono, hata soda, ule mutu hanunuliwe, na umushukuru Mungu kwa hiyo, juu polisi wa kununuliwa angewauza nyote babili, weye na Jéthro, asubuhi na mangaribi. Umuambie: "Chef, frein ilikuwa muzuri. Ni mie nililewa." Maneno hiyo tu. Usiongeze bakwe, usiongeze couvre-feu, usiongeze ndizi. Uombe baandike upya yale ulisema, utie sahihi yako. Kisha uombe batoe ile camionnette mu mtaro, mutu mwenye hakunywa aipande, akanyage frein mbele ya batu, juu fundi mwenye jina limeharibika hapati tena gari ya kutengeneza, hata atoke cachot leo.

Bakikuweka ndani pa fasi yake, ingia, na usilie sana. Permis ubaachie, na mpaka juge aseme, volant usiguse hata kwa kusogeza gari mu parcelle. Ku tribunal uende mwenyewe, usitumane. Papa yako umuambie weye, na umuambie mbele wengine bamuambie. Atakasirika, ndiyo, atakasirika sana, na eko na haki. Utakaa chini, utamusikiliza mpaka amalize. Na siku nyingine bakwe bakileta kikombe, sema kwa sauti: "Niko na volant, mupatie mwengine." Bakikatalia binti juu ya hiyo, hawakutaka kumutoa tangu mwanzo.

Nyie bashangazi, najua munanisikiliza. Mama Aurélie, Mungu anaonaka mpaka chini ya kitenge, na weye diakone unajua hiyo kunipita. Mulitaka kulinda jina la kanisa na furaha ya bakwe, mukamusukumia mutoto wa batu pombe yote, kisha mukanyamaza bote bane, na ule mwenye eko ndani ni damu yenu! Inukeni. Mumufuate Lukman ku bureau ya polisi, museme bikombe bilikuwa bya nani. Kanisa itacheka juma moja, itasahau. Kiatu mutatafuta nyuma.

Lukman, uliniomba nifiche. Ulevi wako ningeuficha, hata kwa mwaka muzima. Mais siri yenye inalalisha mutu mwengine pa simenti, hiyo siifiche, na sikuombe ruhusa. Kwa hiyo kimbia, juu ule mutu anafaa kusikia kwa mudomo wako, na mie nimeshaanza kuongea.

Baaskari ba cachot, najua munafunguaka hii kipindi. Ongezeni sauti kidogo, basi.

Fundi, weye mwenye uko ndani: haukukosea kitu. Frein yako ilikuwa muzuri.