Upande wa Pili wa Kaseti

Itigi,
4 Februari 1997

Kwa dada Damari,

Shikamoo dada. Huku hatujambo kidogo. Gabrieli ameota jino la pili, ananing'ata. Na wewe, zamu za wodini zinakuachia hata muda wa kula?

Nakuandikia habari za shemeji yako Melkiori. Tangu reli ipunguze watu, anasaga kwenye mashine ya unga ya mtu binafsi. Majirani wanamtania, "Mchana anasaga, usiku anasaga." Mama mkwe anafurahi, eti mwanaume anayekoroma ameshiba. Lakini mimi naamka kunyonyesha, naona. Anakoroma, halafu kimya. Kifua kinahangaika, pumzi haipiti. Nahesabu ishirini, siku nyingine thelathini na tano, ndipo anashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Mchana anasinzia kando ya mkanda wa mashine. Juzi ulichana mkono wa shati lake.

Zahanati walimpima presha saa nne asubuhi, wakasema imezidi kidogo tu, apunguze chumvi. Nikasema mpimeni akiwa amelala. Mganga akacheka, "Mama, nije kulala kwako?"

Dada, nifanyeje?

Mdogo wako,
Loyce

Dar es Salaam,
24 Februari 1997

Mdogo wangu Loyce,

Marahaba. Mimi mzima, miguu tu inavimba kwa kusimama. Mbusu Gabrieli.

Umefanya vizuri kuhesabu. Ugonjwa huo upo: pumzi hukatika usingizini. Mtu akilala, presha inatakiwa ishuke. Yake, kila pumzi ikikatika, inapanda. Kwa hiyo ile ya saa nne asubuhi haikuambii kitu. Alale ubavu. Mshonee mfuko mgongoni mwa fulana, utie gunzi la mahindi, akilala chali limchome. Na aje huku apimwe. Daktari wetu mmoja ametaja dawa ya usingizi inayoweza kumfaa, nitamuuliza vizuri.

Dada yako,
Damari

Itigi,
11 Machi 1997

Dada mpenzi,

Shikamoo. Gabrieli alipata mafua, sasa anacheza.

Fulana ya gunzi anavaa kwa kunung'unika. Kuja huko alikataa. "Pumzi yangu mwenyewe ikatike nisijue? Usingizi unakuchanganya wewe." Basi nikaazima redio kaseti kwa jirani yetu, Mzee Mughwai, nikamrekodi usiku kwenye upande wa pili wa kaseti ya harusi yetu. Asubuhi nikamwekea. Aliposikia mkoromo alicheka mpaka akashika ukuta. Pakawa kimya. Akasema, "Si unaona, kaseti imekatika hapo."

Nikamwambia sikiliza. Kwenye kimya kile Gabrieli alikuwa analia, na mimi nasikika, "Nyamaza, baba, nyamaza." Kaseti haikukatika.

Alikaa chini. Akarudisha, akasikiliza mara tatu.

Sasa amekubali kuja, lakini anaogopa kulala. Usiku wa nne huu anakaa kwenye kiti. Kila siku, "Ile dawa ya usingizi ya shemeji vipi?" Fanya haraka, dada. Na mimi nimechoka, nasinzia na mtoto kifuani.

Mdogo wako,
Loyce

Dar es Salaam,
20 Machi 1997

Loyce mdogo wangu,

Poleni sana. Nawaombea nyote.

Dawa nimepata. Kaka Zefania anapanda treni kesho, atakuletea pamoja na barua hii. Inaitwa melatonini. Daktari anasema mwili wenyewe huitengeneza giza likiingia, ndiyo inayouambia kwamba sasa ni usiku, presha nayo itulie. Amepewa na mtu aliyetoka nje. Sitakudanganya, haifungui koo linalojiziba usingizini. Bado wanachunguza kama inawafaa watu wa namna yake. Kinachosaidia hasa ni mashine ya kusukuma hewa puani, nayo hapa kwetu sijaiona. Ameze kidonge kimoja usiku, na fulana asivue.

Tena shika hili: asiguse dawa za usingizi za dukani. Hizo hulegeza koo, na mtu hashtuki. Kule kushtuka ndiko kunakomrudisha. Ningekwambia tangu barua ya kwanza.

Dada yako,
Damari

Itigi,
14 Aprili 1997

Kwa dada Damari,

Shikamoo dada. Najua ulinyimwa ruhusa ya kuja kuzika. Telegramu ilikwambia amefariki tu, haikuwa na nafasi ya mengine.

Ijumaa ile, barua yako ikiwa bado njiani, Melkiori alipita duka la dawa baridi. Siku hizi kila kitu kinauzwa, hakuna wa kukuuliza. Akarudi anacheka, "Mama Gabrieli, ile ya shemeji kumbe ipo hapahapa!" Akameza vidonge viwili. Nilifurahi, dada. Nilimtandikia mwenyewe. Fulana ilikuwa kwenye kamba, haijakauka, nikasema leo haidhuru. Nikalala mpaka kukapambazuka, usingizi wangu wa kwanza tangu Gabrieli azaliwe. Nilipomgusa alikuwa wa baridi.

Zefania alitukuta matangani. Mama mkwe anawaambia watu mwanawe amekufa usingizi mzuri.

Usiniandikie kwamba ni wewe. Wewe ni mkubwa wangu, lakini hilo nakukataza. Nami sitaandika kwamba ni mimi. Vidonge nimevirudisha kwa Zefania, mpe mwingine.

Mzee Mughwai ameniachia redio mpaka arobaini iishe. Upande wa harusi siuweki. Naweka ule wa pili. Anakoroma. Kimya. Gabrieli analia. Nahesabu. Nikifika ishirini na tisa, anashtuka.

Kwenye kaseti anarudi kila mara.

Mdogo wako,
Loyce