Ndevu za Matanga

Nyamitaba, Jumatatu

Mwanangu Twizeyimana,

Maharage yamekomaa, ng'ombe wa mama yako amezaa, na magoti yangu bado yananitii.

Umeandika kwamba huko maabarani, Walikale, mnakopima damu ya panya wa porini, barakoa yako haishiki vizuri kwa sababu ya ndevu, nawe umekaza kamba tu. Kamba hazisaidii, mwanangu. Barakoa ile hufanya kazi ikigusa ngozi pande zote. Penye ndevu, hewa chafu huingia pembeni, kama moshi wa jikoni unavyopenya majani ya paa. Na mwenzako mmoja amekwisha kulazwa kwa kifua.

Najua unachoogopa: kwetu mtoto hanyoi kabla ya kumaliza matanga ya baba yake, na imebaki miezi mitatu. Kwa hiyo jana, baada ya ibada, nilikusanya ukoo. Shangazi yako Brigitte alikataa kabisa. Ndipo mama yako akasimama.

"Mimi njo mujane. Munataka nilie mara mbili? Mutoto anyowe! Hata marehemu mwenyewe, ndevu zake zilikuwa tatu tu."

Tulicheka, hata Brigitte. Lakini akasema, "Sawa, ila lazima muntu mumoja abebe kile kilio."

Nikasema nitakibeba mimi, mdogo wa marehemu.

Basi nyoa leo, kabla hujarudi kwa panya. Ndevu zako ninazifuga mimi huku. Najua zitawasha sana, na wajukuu tayari wananiita mbuzi dume.

Baba yako mdogo anayekupenda,
Sebahire