Shangazi Ni Mwalimu wa Urubani, Anayesoma Ni Mimi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, nimemaliza shule juzijuzi na naishi kwa shangazi yangu ambaye ni mwalimu wa urubani, cheti chake cha ualimu kinakaribia kuisha na njia za kukihuisha ni mbili, aruke na mkaguzi aone anavyofundisha, au asome kozi ya marejeo kwenye kompyuta kisha afanye mtihani, na kuruka hataki kwa sababu mkaguzi alikuwa mwanafunzi wake na shangazi ndiye aliyembandika jina la Gunia kwa jinsi alivyokuwa akitua kwa kishindo, na mpaka leo uwanja mzima unamwita Gunia.

Basi amechagua kompyuta, ila anayesoma ni mimi. Yeye yuko kwenye kochi anatafuna karanga. "Bonyeza tu, mwanangu, mimi nilikuwa angani wewe bado uko kwenye nepi." Jana swali liliuliza, mwanafunzi akiganda na usukani ufanyeje? Nikamuuliza. Akasema, "Kiwiko cha mbavu." Mimi nikaweka jibu la kozi, kwamba umwambie kwa sauti tulivu kuwa sasa unaongoza wewe. Ijumaa anataka nimfanyie na mtihani. Nikikataa ataniona sina shukrani, nikikubali nawaonea huruma wanafunzi wake na mbavu zao. Na kumwambia hapana siwezi, mimi hata chumvi mezani naomba kwa kunong'ona.

Binti wa Kaka Yake

Binti, pole, na acha kubonyeza. Cheti hicho hakisemi shangazi yako alijua zamani, kinasema anajua leo. Ukimfanyia mtihani, aliyehuishwa ni wewe, na wewe hujaniambia kama hata baiskeli unaiweza.

Leo jioni mwekee kompyuta mapajani, karanga chukua wewe. Aanze somo la kwanza, yeye mwenyewe. Akijibu kiwiko, mrudishe nyuma. Huna shukrani? Shukrani ni kuosha vyombo, si kudanganya kwa niaba ya mtu.

Kama ulimi utakwama, acha gazeti hili kwenye kochi, ukurasa huu ukiwa wazi, kisha nenda kaoge. Oga taratibu.

Shangazi, shikamoo. Kompyuta huiogopi, unamwogopa mwanafunzi uliyemcheka, ambaye sasa ameshika kalamu. Ukiona kozi inakuchosha, mpigie simu mruke. Ila akipokea, anza kwa kumwita jina lake.