Dada Somoe, Nilikukana Mingoyo

Mpendwa dada Somoe,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijawahi kusema nawe bila kwanza kukuamkia.

Leo tumesoma arobaini yako hapa Kitomanga. Watu walikuja wengi, wakanishika mkono mmoja mmoja, wakinishukuru. Ndiyo sababu naandika.

Unakumbuka miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, nilipoacha mikorosho ya baba nikafungua duka la nguo njia panda ya Mingoyo? Ulifurahi kuliko mimi. Ulikaa juu ya robota la mitumba ukichambua mashati, ukiwaambia wateja, "Huyu nimemlea mimi. Mama alipofariki, huyu alikuwa hajaota meno." Nilijifanya sisikii, lakini nilipenda.

Kisha ukaanza kukonda. Tumbo likakuuma mpaka mgongoni. Ukarudi kutoka Dar es Salaam na barua ya daktari: saratani ya kongosho, ya aina ambayo hata madaktari waliiona kwa nadra. Ilikuwa inakua taratibu. Ukipasuliwa mapema ungeweza kupona. Siku hizo hospitali zilikuwa zimeanza kulipiwa. Ukaniomba jambo moja.

"Ijumaa baada ya sala, simama msikitini uwaeleze watu wanichangie. Mimi mwanamke, nitasimamaje pale? Nisemee."

Nilikubali. Ijumaa ikafika, nikasali, nikavaa viatu, nikaondoka. Niliogopa watu watasema mwenye duka jipya amefilisika. Ijumaa ya pili hivyo hivyo.

Ya tatu ulikuja mwenyewe. Ulisimama nje ya msikiti wa Mingoyo na ile barua, ukawaomba waliokuwa wanatoka. Nilikuwa na mfanyabiashara mwenzangu wa Lindi mjini. Akaniuliza, "Yule mama unamfahamu?"

Nikasema, "Ndugu wa mbali."

Uligeuka, dada. Ulinitazama, halafu ukainamisha uso kama vile wewe ndiye uliyekosa.

Jirani yako Mama Salima ndiye aliyezunguka Kitomanga nyumba kwa nyumba. Ndiye aliyepanda basi nawe, akalala sakafuni kando ya kitanda chako, akakuuguza mpaka kidonda kikafunga. Mimi sikuja hata kukutazama. Ulirudi mzima, ukaishi miaka saba kabla ugonjwa haujakurudia. Miaka yote hiyo uliniletea mihogo dukani, ukauliza hali za watoto, na mimi sikuwahi kukuomba radhi. Kila mara nilijiambia, akija tena.

Leo ndipo nimejua uliwaambia nini watu. Wakati tunanawa mikono kabla ya chakula, mzee mmoja akaniambia, "Marehemu alikusifu sana. Alisema wewe ndiye uliyemtuma Mama Salima ampeleke Dar."

Aliyekuwa anatunawisha ni Mama Salima mwenyewe. Aliacha kumimina maji, akaniangalia. Alikuwa anangoja niseme.

Nikasema, "Alhamdulillahi."

Akaendelea kumimina.

Nimekukana ukiwa hai, na nimekukana tena ukiwa kaburini. Kesho asubuhi nitakwenda nyumbani kwa Mama Salima na karatasi hii. Hajui kusoma, kwa hiyo nitamsomea mimi, na nimemwomba yule mzee awepo. Nikimaliza, nitawaachia wao waseme. Mungu akulaze pema, dada. Sikuombi unisamehe, nataka tu wajue nani alisimama nawe.

Mdogo wako uliyemlea.